Ushahidi wa Wafiwa: Kupima Ubora wa Huduma za Saratani Mwishoni mwa Uhai

Katika matawi mengi ya tiba mgonjwa mwenyewe ndiye shahidi wa kwanza wa ubora wa huduma aliyopewa, kwa kuwa akishapata nafuu huweza kueleza alivyopokewa, alivyosikilizwa na alivyotibiwa. Huduma ya siku za mwisho za mgonjwa wa saratani haina shahidi wa namna hiyo. Anayeijua kuliko wote ameshazikwa, na hata kabla ya kufariki mara nyingi alikuwa amechoka mno, amelemewa na usingizi wa dawa au amepoteza fahamu, kiasi kwamba asingeweza kujibu maswali ya mtafiti. Kwa sababu hiyo wataalamu wa huduma shufaa, yaani huduma inayolenga kupunguza mateso ya mwili, nafsi na roho ya mtu mwenye ugonjwa mzito na kuwategemeza ndugu zake, wamekuwa kwa zaidi ya miaka 50 wakiwaendea wafiwa na kuwauliza waliyoyaona. Swali linalousumbua utafiti huo wote ni hili: jibu la mfiwa linapima nini hasa? Linapima hali ya marehemu, utendaji wa hospitali, au majonzi ya yule anayejibu? Hoja ya makala haya ni kwamba linapima yote matatu kwa pamoja, na kwamba dodoso lolote hufaa au halifai kwa kadiri linavyoweza kuyatenganisha.

Mwanzo wa njia hii uko Uingereza. Mwaka 1967 daktari Cicely Saunders alifungua St Christopher's jijini London, hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wanaokaribia kufa, akafundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili peke yake, bali huchanganyika na hofu, upweke, wasiwasi juu ya watakaoachwa na maswali ya imani. Katika miaka hiyo hiyo mtafiti Ann Cartwright na wenzake walichukua sampuli ya vifo vya watu wazima vilivyotokea mwaka 1969, wakawatafuta ndugu na watu wengine waliowajua marehemu, wakawahoji kuhusu miezi 12 iliyotangulia kifo. Matokeo yao yalichapishwa kama kitabu mwaka 1973. Mpango huo huitwa njia ya kurejea nyuma, kwa kuwa mtafiti huanzia kwenye kumbukumbu ya kifo, kisha hufuata nyayo za marehemu kuelekea nyuma. Julia Addington-Hall na Mark McCarthy waliurudia kwa vifo vya mwaka 1990 katika wilaya 20 za afya, wakapata mahojiano kuhusu watu 2,074 waliokufa kwa saratani. Kwa mujibu wa waliohojiwa, asilimia 88 ya marehemu hao walikuwa na maumivu wakati fulani katika mwaka wao wa mwisho. Na miongoni mwa waliotibiwa maumivu na madaktari wa kawaida wa mitaani, asilimia 47 walipata tiba iliyoyatuliza kwa sehemu tu au isiyoyatuliza kabisa, ilhali kwa waliotibiwa hospitalini idadi hiyo ilikuwa asilimia 35.

Takwimu hizo zinaonyesha kwa nini njia ya kurejea nyuma imedumu. Njia nyingine, ya kuwaandikisha wagonjwa wangali hai na kuwafuatilia hadi mwisho, inaonekana kuwa bora zaidi kwa kuwa huchukua maneno ya mgonjwa mwenyewe, lakini ina kasoro mbili ambazo hazijapata dawa. Kwanza, hakuna daktari awezaye kutabiri kwa uhakika nani atakufa baada ya wiki ngapi, hivyo utafiti hukosa wale waliozidiwa ghafla. Pili, wagonjwa wanaokubali na kumudu kujibu ni wale wenye nguvu kidogo, na kadiri kifo kinavyokaribia ndivyo wanavyopungua, mpaka katika wiki ya mwisho, ambayo ndiyo inayotakiwa kujulikana, hubaki wachache mno. Anayeanzia kwenye sajili ya vifo hukwepa yote mawili, kwa kuwa kila aliyekufa ana nafasi ya kuingia katika sampuli, awe alifia hospitalini, hospisini au kitandani kwake. Hata hivyo njia hii nayo ina mtego wake, na ni vema kuutaja mapema: kwa kuwa huwaona waliokufa peke yao, haiwezi kuonyesha wagonjwa waliopewa tiba ile ile kali wakaishi, hivyo haitoshi kuhukumu kwamba tiba fulani ilikuwa bure. Inaweza kueleza watu walikufa katika hali gani. Haiwezi peke yake kueleza nani angestahili kuachwa bila kutibiwa.

Suala la nani aulizwe huonekana dogo, lakini ndilo ambalo tafiti nyingi hulipita haraka. Katika uchunguzi wa kitaifa wa wafiwa uliofanywa na Idara ya Takwimu ya Uingereza kila mwaka kuanzia 2011 hadi 2015, kwa kutumia dodoso lililotokana na kazi ya Addington-Hall na linalojulikana kwa kifupi kama VOICES, barua ilitumwa kwa mtu aliyekwenda kusajili kifo. Mtu huyo anaweza kuwa mke aliyelala sakafuni kando ya kitanda kwa miezi 3, na anaweza pia kuwa mtoto wa kiume aliyefika siku ya maziko kutoka mji mwingine. Majibu ya wawili hao hayana uzito mmoja, ingawa katika jedwali kila mmoja huhesabiwa kuwa mtu 1. Uchunguzi wa hospisi nchini Marekani, ulioanza mwaka 2015 chini ya mamlaka ya bima ya afya ya wazee, huelekezwa kwa mtu aliyetajwa katika kumbukumbu za hospisi kuwa ndiye aliyekuwa akimuuguza mgonjwa, na kwa upande huu utaratibu huo una busara zaidi.

Baada ya kumpata wa kuulizwa, linafuata swali la kuuliza nini, na hapa ndipo utafiti umejifunza kwa gharama kubwa. Vyombo vya awali vilipima uradhi. Kimojawapo, FAMCARE, kilichotungwa Canada na Linda Kristjanson na kuchapishwa mwaka 1993, kina vipengele 20 ambavyo ndugu wa mgonjwa wa saratani iliyoenea huvijibu kwa kusema ameridhika kiasi gani na upatikanaji wa daktari, taarifa alizopewa, utulizaji wa maumivu na mengineyo. Chombo hicho ni chepesi na kimetumika sana, lakini vipimo vya uradhi vina maradhi yake: karibu kila mtu husema ameridhika. Wataalamu wa vipimo huiita hali hiyo athari ya dari, yaani alama hujazana juu kabisa ya kipimo hadi hospitali nzuri na hospitali mbovu zikaonekana sawa. Sababu zake si ngumu kuzielewa. Mfiwa hutaka kuamini kwamba mpenzi wake alitendewa mema, kwa kuwa kukiri kinyume chake ni kujiuliza kwa nini yeye mwenyewe hakumhamisha mgonjwa mapema. Humkumbuka muuguzi mmoja mpole na kuona haya kumchongea. Tena wengi hawajui huduma bora ingekuwaje, hivyo huridhika na kile walichokiona kwa sababu hawakuwahi kuona kingine. Uradhi hupima umbali kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na palipo na matarajio madogo hata huduma duni hupata alama za juu.

Marekebisho makubwa yalikuja pale watafiti walipoacha kumuuliza mfiwa alijisikiaje kuhusu huduma, wakamuuliza ni nini kilitokea. Joan Teno na wenzake nchini Marekani walitunga mahojiano ambamo mfiwa huulizwa, kwa mfano, kama mgonjwa alipata msaada wa kutosha kwa maumivu au kwa kukosa pumzi, kama familia iliambiwa nini cha kutarajia mgonjwa atakapokuwa akikata roho, na kama mgonjwa alitendewa kwa heshima wakati wote. Kila jibu huhesabiwa kuwa ni tatizo lililokuwapo au lisilokuwapo. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2004, uliowahusu watu 1,578 waliofiwa mwaka 2000, takriban robo ya marehemu waliokuwa na maumivu au shida ya kupumua hawakupata tiba ya kutosha kwa mujibu wa ndugu zao. Katika utafiti huo huo asilimia 70.7 ya familia za waliofia nyumbani chini ya uangalizi wa hospisi waliiita huduma kuwa bora kabisa, ilhali kwa waliofia hospitalini, katika nyumba za kutunzia wazee au nyumbani chini ya wauguzi wa kawaida hawakufika nusu. Swali la uradhi lingeishia kumwambia mkuu wa hospitali kwamba watu wameshukuru. Swali la tukio linamwambia kwamba usiku hapakuwa na mtu wa kutoa dawa.

Wajapani walikwenda kwa njia yao wenyewe, na pengine ndiyo yenye adabu kubwa zaidi ya kuuliza. Kipimo cha tathmini ya huduma kilichotungwa na Tatsuya Morita na kuchapishwa mwaka 2004, chenye vipengele 28, hakikumwomba mfiwa aseme kama huduma ilikuwa mbaya. Kilimuuliza ni kwa kiasi gani kila jambo lilihitaji kuboreshwa, kuanzia maelezo ya daktari hadi gharama na mazingira ya chumba. Mtu anayeona aibu kulalamika huweza kusema bila kujikwaa kwamba jambo fulani lingefaa kuboreshwa. Baadaye ilionekana kuwa namna hiyo ya kuuliza iliwakanganya baadhi ya wajibuji, na toleo jipya likarudi kwenye mtindo wa kukubali au kukataa kauli. Lakini wazo la msingi, kwamba muundo wa swali uendane na jinsi watu wa mahali hapo wanavyokosoa, linastahili kusomwa na kila anayetaka kutunga dodoso la aina hii. Mitsunori Miyashita na wenzake waliongeza chombo kingine kinachopima kifo chema, ambacho msingi wake ulitokana na kuwauliza watu zaidi ya 2,500 wa kawaida na wafiwa zaidi ya 500 ni mambo gani wanayaona kuwa muhimu mtu anapokufa. Yalipatikana mambo 10 ambayo karibu wote waliyataka, kama vile kutokuwa na maumivu, kuwa mahali apendapo mtu na kutokuwa mzigo kwa wengine, na mengine 8 ambayo wengine waliyataka na wengine hawakuyataka, likiwamo la mgonjwa kufa pasipo kujua kwamba anakufa. Kugundua kwamba kujua na kutojua vyote vinaweza kuwa sehemu ya kifo chema, kutegemea mtu, ni tokeo ambalo dodoso lililoletwa kutoka nje lisingeweza kulitoa.

Hata swali likitungwa vizuri kiasi gani, bado mfiwa anajibu kwa niaba ya mwingine. Tafiti zilizolinganisha majibu ya wagonjwa wangali hai na majibu ya ndugu zao, nyingine zikiwarudia ndugu hao baada ya kifo, zimekubaliana kwa kiasi kikubwa juu ya mpaka wa ushahidi huo. Ndugu ni shahidi mzuri wa yale yanayoonekana na kusikika: kutapika, kukosa pumzi, kushindwa kutembea, muuguzi kuchelewa, dawa kukosekana, daktari kutoeleza. Ni shahidi dhaifu wa yaliyo ndani: ukali wa maumivu, hofu, sononi, amani ya moyo. Tofauti hii haitoi ruhusa ya kumpuuza. Inaelekeza tu kwamba ripoti isomwe kwa tahadhari tofauti kwa kila aina ya jibu, na kwamba asilimia ya waliosemekana kuwa na huzuni isichukuliwe kana kwamba ilipimwa kwa njia ile ile iliyopima idadi ya waliokosa maelezo. Ipo pia hoja ambayo wakosoaji wa wafiwa huisahau, kwamba huduma shufaa kwa maana yake yenyewe humhudumia mgonjwa na familia yake. Kwa hiyo mke anaposema aliachwa peke yake na mume anayekata roho, hasemi kwa niaba ya yeyote, bali anatoa ushahidi wa huduma aliyostahili yeye mwenyewe.

Muda wa kuuliza nao una uzito wake. Uchunguzi wa Uingereza uliwahusu watu waliofiwa kati ya miezi 4 na 11 kabla, ule wa hospisi wa Marekani hutumwa baada ya miezi 2 au 3. Akiulizwa mapema, mfiwa hukumbuka vizuri lakini kidonda ni kibichi; akiulizwa baadaye, huzuni imepoa kiasi lakini matukio madogo yamefutika na mengine yamepambwa na masimulizi ya jamaa. Sononi ya mfiwa huweza kuipaka giza kila kumbukumbu, na kinyume chake pia ni kweli, kwamba huduma mbaya huweza kuwa ndiyo iliyosababisha sononi hiyo, hivyo mtafiti anayeona uhusiano kati ya alama ndogo na majonzi makubwa hawezi kuamua kwa haraka lipi lilimzaa lipi.

Mfano unaoonyesha nguvu na mpaka wa ushahidi huu kwa pamoja ni utafiti wa Alexi Wright na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 2016. Waliwahoji ndugu 1,146 wa wazee waliokuwa na saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyosambaa, wakalinganisha majibu yao na kumbukumbu za bima zilizoonyesha tiba gani hasa ilitolewa. Ndugu wa wagonjwa waliokaa chini ya hospisi kwa zaidi ya siku 3 waliiita huduma ya mwisho kuwa bora kabisa kwa asilimia 58.8, dhidi ya asilimia 43.1 kwa wengine. Kwa waliolazwa katika chumba cha mahututi ndani ya siku 30 za mwisho ilikuwa asilimia 45, dhidi ya 52.3 kwa wasiolazwa humo. Na kwa waliofia hospitalini ilikuwa asilimia 42.2, dhidi ya 57.4 kwa waliofia kwingine. Uzuri wa utafiti huu ni kwamba hautegemei neno la mfiwa peke yake, kwa kuwa kulazwa na mahali pa kufia vimethibitishwa na nyaraka. Hata hivyo haukugawa tiba kwa kura. Huenda familia zilizochagua hospisi mapema ndizo zilizokuwa zimeshapatana na kifo, na upatanisho huo ndio uliozifanya zione huduma kuwa njema. Anayesoma takwimu hizi kama amri ya kufunga vyumba vya mahututi kwa wagonjwa wa saratani anazidai zaidi ya zinavyobeba. Anayezisoma kama onyo kwamba mazungumzo kuhusu mwisho huanza wakati umeshapita, anazisoma sawasawa.

Yapo matokeo mengine ambayo yangefichika kabisa bila wafiwa. Katika uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2015, watu 3 kati ya 4 waliipa huduma alama ya vizuri au zaidi, na 1 kati ya 10 aliiita mbovu. Lakini ndani ya jumla hiyo njema kulikuwa na jambo la kusikitisha: marehemu wengi waliokuwa wametaja mahali walipotaka kufia walitaka nyumbani, na nyumbani ndipo ndugu waliposema mara chache kuliko kwingine kote kwamba maumivu yalitulizwa kabisa wakati wote, ilhali hospisini walisema hivyo mara nyingi zaidi. Sera inayohesabu waliofia nyumbani kuwa ndiyo mafanikio, bila kuwauliza wafiwa usiku ule ulikwendaje, inaweza kuwa inahesabu mateso. Nguvu ya ushahidi wa familia ilionekana pia mwaka 2013, pale mwongozo wa kitaifa wa kuwahudumia wanaokufa uliojulikana kwa jina la Liverpool ulipochunguzwa na jopo la Julia Neuberger, na baadaye ukaachwa. Sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa ya ndugu waliosema hawakuambiwa kwamba mgonjwa wao amewekwa katika mwongozo huo, au waliona amenyimwa maji. Madaktari waliokuwa wameutetea walikuwa na hoja zao za kitabibu, lakini kosa la kutowaeleza ndugu halikuweza kutetewa kwa hoja yoyote.

Kwa Afrika Mashariki hatua muhimu imekwisha kupigwa kwa wagonjwa walio hai. Chama cha Huduma Shufaa cha Afrika kilitayarisha kipimo chenye maswali 10, 7 kwa mgonjwa na 3 kwa anayemuuguza, ambacho kilithibitishwa katika mazingira ya Kiafrika na hutumika katika vituo vya kanda hii. Kilichobaki nyuma ni kuwauliza wafiwa kwa utaratibu, na hapa vyombo vya ng'ambo haviwezi kuingizwa kama vilivyo. Kuanzia kwenye cheti cha kifo ni vigumu pale ambapo vifo vingi vya nyumbani havisajiliwi, hivyo mahali pa kuanzia ni daftari la wagonjwa la hospitali au hospisi, kama ile ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1990 au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam. Muda wa miezi 2 unamkuta mjane wa Kiislamu wa pwani akiwa bado katika eda yake ya miezi 4 na siku 10, na si adabu kumbishia hodi mtu wa aina hiyo kwa dodoso. Msemaji wa familia mara nyingi ni baba mkubwa au kaka wa marehemu, ilhali aliyemwogesha, kumlisha na kumpa dawa usiku ni binti au mkwe, ambaye hasemi mbele ya wakubwa. Asipotafutwa yeye faraghani, kinachopatikana ni hotuba ya matanga. Tena mfiwa atasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na akiulizwa kama aliridhika atashukuru, kwa kuwa kulalamika baada ya kifo huonekana kuwa kumlalamikia Aliyekichukua kile alichokitoa. Mazingira hayo yote yanadai maswali ya tukio, si ya uradhi: dawa ya maumivu ilipatikana? Iliisha siku ngapi kabla hamjapata nyingine? Nani alikuambieni kwamba ugonjwa hauponi, na lini? Mlikuwa na namba ya kupiga usiku?

Kipo kizuizi ambacho dodoso haliwezi kukiondoa. Tume ya jarida la Lancet ilionyesha mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya morfini zilizokuwa zikigawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Kumuuliza mjane kama maumivu ya mumewe yalitulizwa, mahali ambapo morfini haikuwapo kabisa, kuna ukatili ndani yake iwapo jibu lake halitapelekwa popote. Uganda, ambako Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 na ambako tangu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kisheria kuandika morfini ya maji, imethibitisha kwamba kizuizi hicho huondolewa na sheria, mafunzo na dawa ya bei nafuu, na jibu la mfiwa ndilo linaloweza kuonyesha kama dawa hiyo ilifika kijijini au iliishia kwenye ghala la wilaya. Hospitali za saratani za kanda hii, pamoja na vyuo vinavyofundisha uuguzi na tiba, hazina sababu ya kungoja dodoso kamilifu: na waanze na maswali manne ya aina iliyotajwa, wayaulize kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani ya mfiwa, baada ya eda na arobaini kupita, kwa kinywa cha mtu asiyekuwa miongoni mwa waliomtibu marehemu, na majibu yafike kwanza kwa wauguzi na wafamasia wa wodi husika kabla hayajapelekwa kwenye jarida lolote.